Maswali ya Wasomaji: Katuni Zinazobishaniwa

Mwezi uliopita tuliwaomba wasomaji mtutajie katuni na filamu mpya mnazozipenda, na mtueleze kwa nini. Wengi mmetaja, na wengi zaidi mmebishana. Tumechagua barua ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Swali: Habari za kazi, ndugu wahariri. Mimi na mdogo wangu hatuelewani kuhusu *Spider-Man: Into the Spider-Verse*. Yeye anaiweka namba moja. Mimi naona picha inakatakata, hasa yule kijana Miles akikimbia. Nilidhani faili ni bovu, nikatafuta jingine, hali ikawa ileile. Nikaitazama kwake kwenye TV mpya, huko picha inateleza mno mpaka inakera. Tatizo ni filamu, faili au TV?
Msomaji, Tanga

Jibu: Faili lako ni zima. Unachokiona kwako kimekusudiwa, na unachokiona kwa mdogo wako ni TV inayoharibu kazi ya watu.

Filamu hupitisha fremu, yaani picha moja moja zilizosimama, 24 kila sekunde. Katika katuni nyingi za kompyuta, kuanzia *Toy Story* ya 1995, mhusika hupewa mkao mpya kwenye kila fremu, yaani mikao 24 kwa sekunde. Waliotengeneza *Spider-Verse* mwaka 2018 walirudi kwenye desturi ya katuni za kuchora kwa mkono: mara nyingi mkao mmoja unashikiliwa kwa fremu mbili, kwa hiyo kwa sekunde unapata mikao 12. Jicho linapata nafasi ya kuuona kila mkao.

Tazama tena pale Miles na Peter B. Parker, Spider-Man mkubwa anayemfundisha, wanapokimbia msituni baada ya kutoka maabara. Peter, aliyezoea kazi, anasogea kwa mikao 24. Miles, ambaye ndiyo kwanza anajifunza, anasogea kwa 12. Wako kwenye picha moja, mmoja anatiririka na mwingine anakwamakwama, na Miles anavyozidi kuelewa namna ya kuning'inia ndivyo mwendo wake unavyokaribia wa mwenzake. Ugeni wa mtoto yule umeelezwa kwa hesabu ya fremu, bila neno hata moja. Angalia pia vitu vilivyo mbali: badala ya kufifishwa kama kwenye kamera ya kawaida, rangi zake zimeachana kidogo pembeni, nyekundu huku na bluu kule, mithili ya gazeti la katuni lililochapwa karatasi ikiwa imesogea. Wapo wanaoona hivyo wakadhani wamekosa miwani ya 3D.

Sasa TV. Seti nyingi za kisasa zina mfumo wa kulainisha mwendo: zinabuni fremu za katikati ambazo hazimo kwenye filamu. Kwa mpira wa miguu unafaa. Kwa filamu hii ni balaa, maana mashine inakuta fremu mbili zinazofanana kisha mruko, inakisia cha kujaza, na mhusika anateleza, anasimama, anateleza tena. Ukitazama kwa makini utaona ukungu mwembamba ukizunguka vidole na ncha za nywele. Uzimeni hivi: ingieni kwenye mipangilio ya picha. Kwa Samsung tafuteni "Auto Motion Plus" au "Picture Clarity", kwa LG "TruMotion", kwa Sony "Motionflow", kwa Hisense "Ultra Smooth Motion", kisha chagueni "Off". Kama kuna "Filmmaker Mode", hiyo inazima mapambo yote kwa mkupuo. Watu wengi hukwama hapa: TV nyingi huhifadhi mpangilio kwa kila tundu peke yake, kwa hiyo ukizima kwenye HDMI 1, kwenye flashi bado unawaka. Zimeni pote mnapotumia.

Na utajuaje faili bovu la kweli? Faili likikwama, kila kitu kinakwama: mhusika, mandhari ya nyuma na mwendo wa kamera, na aghalabu sauti inaanza kupishana na midomo. Kwenye *Spider-Verse* kamera inaweza kusogea laini kabisa huku mhusika akirukaruka mkao kwa mkao. Hicho ndicho kipimo.

Katika ubishi wenu sisi tuko upande wa mdogo wako. Ila muonye kuhusu TV yake.

Swali: Nimewaonyesha wanangu *The Lion King* ya 1994, kisha ile ya 2019. Ya kwanza walilia. Ya pili walikaa tu, wakaniuliza simba halisi wamefunzwaje kuongea. Au ni mimi niliyewaambukiza mapenzi ya utoto wangu?
Baba wa watatu, Nakuru

Jibu: Wanao wameona sawasawa, wala hujawaambukiza kitu.

Simba wa kuchorwa amepewa nyusi, weupe kuzunguka mboni, na pembe za mdomo zinazopanda na kushuka. Simba halisi hana nyusi za kukunja, na Jon Favreau, aliyeongoza ile ya 2019, alichagua kubaki na uso wa mnyama halisi. Kwa hiyo huzuni yote ikabebeshwa sauti ya mwigizaji, na uso haukumsaidia. Rudieni kifo cha Mufasa katika ya 1994. Simba mdogo anamsukuma baba yake kwa kichwa, anamvuta sikio, masikio yake mwenyewe yanalala, nyusi zinakutana juu ya pua, kisha anajipenyeza chini ya mkono wa baba yake aliyelala. Zimeni sauti mkitazama sehemu hiyo. Bado itawauma.

Nyimbo nazo zimeumia. Katika ya 1994, wimbo wa Simba kujitapa kwamba atakuwa mfalme unabadili mchoro wote: mandhari ya kawaida inatoweka, zinakuja rangi kali bapa na wanyama waliopangwa kama nakshi. Ni kichwa cha mtoto kimefunguliwa, unaona anavyoiota dunia. Katika ya 2019 kichwa hicho hakifunguki, maana picha inayojifanya ya kweli haina ruhusa ya kubadilika hivyo. Wanyama wanakimbia tu majini. Wimbo wa mapenzi unaoutaja usiku ukachezwa mchana. Wimbo wa Scar, ami mwovu wa Simba, ukafupishwa ukawa karibu na hotuba.

Tuitendee haki, lakini. Kwa mandhari, ile ya 2019 ni kazi ya ajabu: katika filamu nzima picha moja tu ndiyo iliyopigwa kwa kamera halisi, lile jua linalochomoza mwanzoni. Vingine vyote ni kompyuta. Na *Mufasa*, iliyoongozwa na Barry Jenkins na kutoka Desemba 2024, imelegeza kidogo: nyuso zinasogea zaidi na kamera inakaa karibu. Kama watoto wanataka kuendelea na ukoo huo, wapeni hiyo.

Kwa kuwa mko Nakuru, siku ya mapumziko wapelekeni Hell's Gate, karibu na Naivasha. Wachoraji wa ile ya kwanza walifika pale kuchora kabla ya kuanza kazi, na mtoto akisimama chini ya yale majabali ataelewa haraka kitu kimetoka wapi na mchoraji ameongeza nini.

Swali: Assalaam alaykum. Tunaishi Muscat. Wanangu, wa miaka 5 na 9, wanajua Kiswahili na Kiarabu, Kiingereza bado. Kuna katuni nzuri isiyohitaji lugha?
Mama wa wawili, Muscat

Jibu: Waalaykum salaam, mama. Ipo, na ni miongoni mwa filamu bora za miaka hii: *Flow* ya Gints Zilbalodis wa Latvia, ya mwaka 2024. Ina dakika 85 na hakuna anayesema neno. Paka mweusi, mbwa, kapibara (mnyama mkubwa wa jamii ya panya), lemuri (mfano wa kima, wa Madagaska) na ndege karani mwenye miguu mirefu wanajikuta katika mashua moja dunia ikifurika maji. Ilitengenezwa kwa Blender, programu ambayo mtu yeyote anaipakua bure, na Machi 2025 ikashinda Oscar ya katuni bora mbele ya studio zenye fedha nyingi mno kuliko yake.

Wanyama hawa hawajageuzwa watu. Paka anaruka, anakwaruza na kuogopa maji kipaka, na sauti ni za wanyama halisi. Ila kapibara ameazimwa sauti: ile yake ya kweli ni nyembamba mno kwa mwili ule, wakatumia ya mtoto wa ngamia. Waulizeni watoto, huko Oman huenda wakaitambua.

Wa miaka 9 aitazame bila wasiwasi. Kwa wa miaka 5 kaeni naye karibu katika sehemu tatu: mwanzoni mbwa wanapomkimbiza paka na wimbi likaja ghafla, ndege karani anapopigwa na wenzake, na nyangumi karibu na mwisho. Msizime majina yanapoanza kupanda, maana baada yake kuna picha moja fupi itakayomtuliza mtoto aliyehuzunika. Unganisheni TV na spika yoyote ya nje, hata ndogo. Maji ndiyo maongezi ya filamu hii, na spika za TV nyembamba zinayameza.

Mkiipenda, endeleeni na *Shaun the Sheep Movie* ya 2015, ambayo mdogo ataicheka mwanzo mwisho. *Robot Dreams* ya 2023 haina maongezi pia, ila ni ya kuagana na kupotezana, mwekeeni mkubwa.

Swali: Binti yangu, miaka 8, haishi kuitazama *My Neighbor Totoro*. Jirani amenipa flashi yenye *Grave of the Fireflies*, akasema ni ya watu walewale. Nimpe?
Msomaji, Bujumbura

Jibu: Usimpe. Ni kweli zote ni za Studio Ghibli, tena zilitoka siku moja, tarehe 16 Aprili 1988, zikaonyeshwa pamoja katika kumbi za Japani. Lakini *Totoro* ni ya Hayao Miyazaki, na hiyo nyingine ya Isao Takahata inamhusu kijana na mdogo wake wa kike wanaokufa njaa mwishoni mwa vita, mwaka 1945. Ni filamu kubwa, ya mtu mzima. Itazameni wenyewe, watoto wakiwa wamelala. Binti mpe *Kiki's Delivery Service* au *Ponyo*. *Spirited Away* isubiri mwaka mmoja au miwili, kwa sababu mapema tu wazazi wa msichana wanageuka nguruwe mbele ya macho yake, na mtoto wa miaka 8 anaweza kukosa usingizi.

Swali: Sisi vijana wa mtaa, Mbagala, tunataka kuwaonyesha watoto kama 80 katuni uwanjani, Jumamosi jioni, bure. Tuna projekta ya kuazima na shuka. Tufanyeje isiharibike?
Kikundi cha vijana, Dar es Salaam

Jibu: Hongereni sana. Anzeni na filamu yenyewe, kwa sababu hapo ndipo wengi hukosea bila kujua. Filamu uliyoinunua au unayoilipia mtandaoni ni ya nyumbani. Kuionyesha hadharani, hata bure, kunahitaji ruhusa ya mwenye haki, na maonyesho ya hadhara yako chini ya Bodi ya Filamu. Njia nyepesi ni katuni fupi zilizotengenezwa Amsterdam na watu wa Blender, ambao wametoa leseni ya kuonyesha na kunakili bure kwa sharti la kuwataja. Ratiba nzuri: *Caminandes: Llamigos*, dakika mbili na nusu, ya lama na pengwini wanaogombea tunda, halafu *Big Buck Bunny*, dakika 10, ya sungura mnene anayelipiza kisasi kwa wachokozi watatu, mwisho *Spring*, dakika 8, ya msichana mchungaji na mbwa wake milimani. Zinafuatika bila kujua lugha yoyote. Majina ya mwisho yaacheni yapite, hiyo ndiyo shukrani inayotakiwa na leseni. Katika kundi hilohilo ziacheni *Sintel* na *Cosmos Laundromat*: ya kwanza inaishia kwenye msiba, ya pili inaanza na kondoo anayetaka kujiua.

Giza kamili Dar huingia baada ya saa 1:00 usiku. Mkianza saa 12:30 jioni picha itakuwa imepauka na watoto watatawanyika. Pangeni saa 1:15.

Kwenye projekta someni lumeni za ANSI, yaani kipimo cha mwanga wake. Mashine ndogo za bei nafuu huandikwa maelfu ya lumeni bila neno ANSI, na mwanga wake wa kweli ni sehemu ndogo tu ya hizo. Kwa picha ya upana wa mita 2.5 gizani, lumeni 2,500 za ANSI zinatosha vizuri. Umbali unapatikana kwa kuzidisha upana wa picha na uwiano wa umbali ("throw ratio") ulioandikwa kwenye kijitabu: uwiano ukiwa 1.5, basi 1.5 mara 2.5 ni mita 3.75 kutoka kwenye shuka. Hapo inaangukia katikati ya watoto, na kila anayekwenda kujisaidia atapita mbele ya mwanga au atakanyaga waya. Bora muiweke nyuma ya shuka, halafu kwenye menyu mchague "Rear" ili picha igeuke. Shuka liwe jeupe la safu moja, na projekta ikae chini kidogo ili taa yake isiwachome macho walio mbele. Ukingo wa chini wa picha uwe juu ya vichwa vya waliokaa, kama mita 1.2 kutoka ardhini.

Upepo ndio adui wa shuka. Likifungwa pembe nne tu litavimba kama tanga na picha itapinda. Lifungeni kila nusu mita, pande zote, na chini mpitishe bomba au mti mnyoofu wa kulivuta.

Spika moja ya inchi 12, juu ya meza au stendi pembeni ya shuka, inatosha watoto 80. Tumieni waya. Bluetooth huchelewesha sauti, na mdomo ukisema kabla ya neno kufika watoto huligundua mara moja.

Mkicheza kutoka kwenye flashi, kumbukeni flashi ya mfumo wa FAT32 haipokei faili la zaidi ya GB 4, na projekta nyingi za zamani hazisomi exFAT, ule mfumo unaopokea faili kubwa. Picha ikija bila sauti, mara nyingi sauti ya faili ni ya mfumo wa DTS au AC3 ambao projekta haiufahamu. Kompyuta ndogo yenye VLC, programu ya kuchezea video, na kebo ya HDMI inawaepusha na yote hayo. Ijaribuni ratiba nzima siku moja kabla, mpaka dakika ya mwisho, maana faili lililopakuliwa nusu hucheza vizuri dakika za mwanzo.

Umeme: projekta ya taa hula kama wati 300, kompyuta 65, spika 100 hadi 200. Jenereta ya kVA 1 inatosha. Ile ndogo kabisa ya mafuta mchanganyiko inapandisha na kushusha umeme, na inapiga kelele. Jenereta yoyote iwekeni mita 20 au zaidi, nyuma ya ukuta, na projekta ipite kwenye stabilaiza. Mkimaliza, izimeni kwa rimoti na muache feni izunguke hadi isimame yenyewe ndipo mchomoe. Taa ikikatiwa umeme ikiwa ya moto inakufa mapema.

Siku mtakapopata ruhusa ya filamu yenye maongezi, msitegemee maandishi ya chini. Mtoto wa chini ya miaka 8 hayawahi. Wekeni msimulizi mwenye maiki, kwa ile sanaa aliyotuzoesha msimulizi Lufufu kwenye vibanda umiza, zile kumbi ndogo za video, na DJ Afro kwa majirani zetu Kenya. Msimulizi aitazame filamu mara mbili kabla, aandike mstari mmoja kwa kila tukio. Asizungumze juu ya wimbo, na asieleze kichekesho ambacho macho yameshakiona. Mtu wa pili ashike sauti, aipunguze msimulizi anapoingia na kuirudisha anaponyamaza.

Swali: Shikamooni. Niko kidato cha tatu. Nikiandika maoni ya filamu darasani mwalimu ananiambia "unasifia tu". Niandikeje?
Mwanafunzi, Morogoro

Jibu: Marahaba, mwanetu. Chagua tukio moja lisilozidi dakika mbili, usiandike filamu nzima. Litazame mara tatu: kawaida, kisha bila sauti, kisha usikilize tu bila kutazama. Bila sauti, angalia nyayo: mhusika akitua, je, magoti yanakunjika, mwili unashuka kisha unapanda? Kama hapana, ataonekana anaelea, na hapo umeshapata sababu ya kusema hukuamini mwendo wake. Ukisikiliza tu, andika lini muziki unanyamaza. Mara nyingi jambo kubwa la tukio liko hapo. Sentensi ya kwanza ya insha iseme ulichokiona, ya pili ndiyo iseme kizuri au kibaya.

Swali: Mbona mnatutajia za ng'ambo tu? Za kwetu ziko wapi?
Msomaji, Kampala

Jibu: Ziko, na nyingine ni nzuri kuliko sifa zinazopewa. Kwa mtoto wa miaka 3 hadi 6 kuna *Akili and Me*; akikua kidogo kuna *Ubongo Kids*, iliyoanza 2014. Zote ni za Dar es Salaam, zinafundisha kwa nyimbo, na vipindi vya Kiswahili viko YouTube. Picha za *Ubongo Kids* ni za kawaida, lakini nyimbo zake za hesabu zinabaki kichwani mwa mtoto, na kwa kazi ile hilo ndilo kubwa.

Kwa uzuri wa picha tafuta *Tinga Tinga Tales*, iliyotengenezwa Nairobi na kuanza kurushwa 2010. Wanyama wake wamechorwa kwa mtindo wa Tingatinga uliozaliwa Dar, rangi kali na madoa ya mpangilio, na kila hadithi ina dakika 11, kiasi cha hadithi moja kabla ya kulala.

Kwa wakubwa kuna *Kizazi Moto: Generation Fire*, ya Julai 2023, kwenye Disney+: filamu fupi 10 za Waafrika kuhusu zama zijazo. Mmoja wa wasimamizi wake ni Peter Ramsey, aliyekuwa miongoni mwa waongozaji watatu wa ile *Spider-Verse* anayoibishia msomaji wa Tanga. Wewe wa Kampala anza na *Herderboy* ya Raymond Malinga, Mganda mwenzio, kisha *Enkai* ya Ng'endo Mukii wa Kenya. Za watoto wadogo si hizi. Ziache kwa wa miaka 12 kwenda juu.